Mzazi kapewa mfuko, mji umenyang'anywa kiti

Tangu Rais Donald Trump aweke saini, Machi 20, 2025, kwenye amri ya kuanza kuivunja Wizara ya Elimu ya Marekani, kauli moja imerudiwa mpaka imezoeleka: shule zinarudishwa kwa wananchi. Julai 4 mwaka huohuo akasaini sheria ya kodi ambayo, kuanzia Januari 2027, itampunguzia mlipakodi hadi dola 1,700 za kodi yake akizichangia kwenye mifuko ya kufadhili wanafunzi, wakiwemo wa shule binafsi. Kati ya matukio hayo mawili Texas nayo ilitenga dola bilioni 1 ili wazazi wapate akaunti za kulipia shule binafsi au masomo ya nyumbani, mpango unaoanza kutumika mwaka wa masomo 2026–27. Wanaoshangilia wanasema mamlaka yameteremka hadi mezani kwa mzazi. Wanaolalamika wanasema serikali inajivua wajibu na kuwatupia wazazi mzigo. Wote wawili wanakubaliana kwamba mamlaka yanashuka, na hapo ndipo ninapotofautiana nao. Mamlaka yanatolewa katikati, kwenye bodi ya shule inayochaguliwa na watu wa mji mmoja, kisha yanagawanywa: sehemu ndogo anakabidhiwa mzazi mmojammoja kwa jina la uhuru wa kuchagua, na sehemu kubwa inapanda kwenda makao makuu ya jimbo. Kuchagua shule na kuitawala shule ni mambo mawili, na katika Marekani ya leo la kwanza linanenepa kwa kulila la pili.

Tuanze na Wizara yenyewe, maana ndiyo inayowapoteza wengi. Katiba ya Marekani haitaji elimu hata mara moja. Wizara hiyo ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1979, wakati wa Jimmy Carter, na sheria hiyohiyo iliikataza kuingilia mitaala na uendeshaji wa shule. Fedha za serikali kuu ni takriban sehemu moja kwa kumi ya gharama za shule za umma. Zinazobaki hulipwa na majimbo na wilaya za shule, kila upande ukibeba karibu nusu. Kwa hiyo bodi ya mji mdogo wa Ohio au Nebraska haitaamka siku Wizara ikifungwa na kukuta ina ruhusa ambayo jana haikuwa nayo. Kitakachopungua ni usimamizi wa haki: nani atapokea malalamiko ya mzazi ambaye mtoto wake mwenye ulemavu amenyimwa huduma, nani atatunza takwimu, nani atafuatilia fedha za shule zenye watoto maskini. Hayo ni mambo mazito, na yananitia wasiwasi, lakini hayahusiani na kuwapa wenyeji mamlaka juu ya darasa.

Mamlaka ya wenyeji yana umri mkubwa kuliko nchi yenyewe. Mwaka 1647 koloni la Massachusetts liliagiza kila mji wenye kaya 50 uajiri mwalimu, na wenye kaya 100 ufungue shule ya kuandaa vijana kwa chuo. Mji ndio ulioajiri, na mshahara ulitoka kwa wazazi au kwa wakazi wote wa mji. Kutoka hapo ikakua wilaya ya shule, chombo ambacho si halmashauri ya mji wala si idara ya jimbo. Kina mipaka yake, bodi yake inayopigiwa kura, na mara nyingi uwezo wa kutoza kodi ya ardhi na majengo. Bodi hupitisha bajeti na kumwajiri msimamizi mkuu wa shule. Mwaka wa masomo 1939–40 nchi ilikuwa na wilaya zipatazo 117,000, nyingi zikiwa za shule ya chumba kimoja. Leo zimebaki kama 13,000. Kuunganishwa huko kulileta maabara, mabasi na walimu wenye shahada, na sidai kwamba watoto walipata hasara. Lakini tangu wakati huo kiti cha mjumbe wa bodi kimekuwa mbali na mpigakura, na uchaguzi wake katika sehemu nyingi hufanyika siku ambayo hakuna uchaguzi mwingine, wakajitokeza watu wachache mno. Anayesema bodi hizi ni sauti kamili ya wananchi anazivika kilemba cha ukoka. Zilikuwa zimedhoofika kabla mtu hajatamka neno vocha, yaani fedha za umma za kumlipia mtoto karo ya shule binafsi.

Tena zilidhoofika bila usawa. Mwaka 1968 wazazi wa wilaya ya Edgewood, San Antonio, wengi wao wenye asili ya Mexico, walifungua kesi iliyofika Mahakama ya Juu. Edgewood ilijitoza kodi kwa kiwango kikubwa kuliko jirani yake tajiri, Alamo Heights, lakini kwa sababu nyumba zake zilikuwa za bei ya chini ilipata dola 26 kwa kila mwanafunzi, wakati Alamo Heights ilipata dola 333. Machi 1973 majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba Katiba haikuvunjwa, na hoja kuu waliyoegemea ni thamani ya wenyeji kujiamulia mambo ya shule zao. Watu wa Edgewood waliambiwa wana mamlaka, na waliyatumia kujikamua zaidi ya majirani, wakaambulia sehemu ndogo mno ya walichopata hao majirani. Mkono mtupu haulambwi. Mamlaka ya wenyeji yasiyo na fedha nyuma yake ni jina tu, na nchi ile imeishi na jina hilo kwa zaidi ya nusu karne.

Kuna ukurasa mwingine ambao kila upande hupenda kuusoma nusu. Katika kaunti ya Prince Edward, Virginia, mwaka 1951 binti wa miaka 16, Barbara Johns, aliongoza mgomo wa wanafunzi weusi dhidi ya madarasa ya mabanda. Kesi yao ikawa moja ya tano zilizozaa hukumu ya Brown mwaka 1954, iliyoharamisha kuwatenga watoto shuleni kwa rangi. Kaunti iliposhurutishwa kuchanganya watoto, mwaka 1959 viongozi wake waliochaguliwa walikataa kutenga fedha na kuzifunga shule zote za umma. Kwa miaka mitano watoto wengi weusi hawakuwa na shule. Watoto weupe walihamia shule binafsi iliyofunguliwa haraka, karo zao zikisaidiwa na ruzuku za umma. Mahakama ya Juu ndiyo iliyokomesha hali hiyo mwaka 1964. Wapinzani wa vocha hukumbusha ruzuku zile, na hawakosei. Ila waliofunga shule walikuwa wenyeji, kwa kura halali, wakitumia mamlaka yaleyale ya mji yanayosifiwa na wapinzani hao. Wananchi waliokuwa wengi walilifunga lango la umma na kuwafungulia watoto wao lango la pembeni, nao wachache wakaachwa barabarani. Mfumo wowote wa shule naupima kwa swali hili kwanza: yule asiye na wingi wa kura wala uzito wa mfuko anabaki na nini?

Ndiyo maana nasema hoja dhaifu kuliko zote upande wa wapinzani ni ile inayodai kwamba shule mbadala ni ubaguzi wa rangi uliobadili nguo. Mwaka 1967 wazazi weusi wa Ocean Hill–Brownsville, Brooklyn, mjini New York, walipewa kwa majaribio bodi yao ya mtaa. Mwaka 1968 ilipoamua kuwahamisha baadhi ya walimu, chama cha walimu kikagoma mji mzima kwa wiki kadhaa, na jaribio likafa. Watu wale walitaka kutawala shule ya mtaa wao, wakanyimwa. Miaka 22 baadaye, Milwaukee, jimbo la Wisconsin, mbunge wa jimbo Polly Williams, mwanamke mweusi wa chama cha Democratic, alipigania mpango wa kwanza wa vocha wa zama hizi, kwa ajili ya watoto wa familia za kipato cha chini, kwa sababu wilaya ilikuwa imekataa kuwasikiliza kwa miaka. Hakuhitaji kufundishwa ubaguzi ni nini. Na baadaye aliupinga mpango huohuo ulipotaka kufunguliwa kwa familia zenye uwezo. Vivyo hivyo na janga la Uviko: kwa makadirio ya ofisi ya sensa, kaya zinazofundisha watoto nyumbani zilipanda kutoka asilimia 5.4 majira ya kuchipua ya 2020 hadi 11.1 ilipofika vuli, na kwa kaya za watu weusi kutoka 3.3 hadi 16.1. Sehemu ya ongezeko hilo ilikuwa ya muda, lakini haielezeki kwa chuki. Watu huondoka wanapoona milango ya ofisi imefungwa.

Sasa Texas, ambako jambo lote linaonekana mchana kweupe. Kwa miaka mingi miswada ya vocha ilikuwa ikifia katika Baraza la Wawakilishi la jimbo, na waliokuwa wakiizima hawakuwa Democratic peke yao. Walikuwamo wabunge wa Republican wa kaunti za mashambani, wahafidhina wasio na shaka, ambao kwao wilaya ya shule ndiyo mwajiri mkubwa, ndiyo uwanja wa mpira wa Ijumaa usiku, ndiyo sababu mji bado upo kwenye ramani. Nyingi kati ya kaunti 254 za jimbo hazina shule binafsi ya kumpeleka mtoto hata ukipewa fedha. Novemba 2023 wabunge 21 wa Republican waliungana na wapinzani na kuiondoa vocha kwenye muswada, kura 84 kwa 63. Gavana Greg Abbott akaamua kuwang'oa wanachama wenzake. Jeff Yass, tajiri wa Pennsylvania, jimbo lililo mbali mno na kaunti hizo, alimchangia gavana dola milioni 6. Uchaguzi wa mchujo wa mwaka 2024 ukawafagia wabunge wengi waliokaidi. Aprili 2025 muswada ukapita, na Mei 3 Abbott akausaini.

Mtetezi atasema huo ulikuwa uchaguzi, wananchi walisema. Ni kweli walipiga kura, na sidai zilichakachuliwa. Lakini angalia ni ngazi gani iliyoamua. Jambo ambalo kila wilaya ingeweza kulipima kwa hali yake, lenye majibu tofauti Dallas na kijiji cha ng'ombe cha magharibi, liliamuliwa mara moja kwa wote kutoka Austin, makao makuu ya jimbo, kwa nguvu ya kampeni ya jimbo zima na fedha za nje yake. Wabunge waliobeba msimamo wa wilaya zao waliadhibiwa kwa kuubeba. Kama hayo ndiyo kurudisha shule kwa wenyeji, basi neno wenyeji limepoteza maana.

Na katika muda uleule jimbo lilikuwa likiendesha shughuli nyingine, Houston. Juni 2023 wilaya ya shule ya Houston, kubwa kuliko zote Texas, ilichukuliwa na jimbo. Bodi iliyochaguliwa iliwekwa kando. Nafasi yake wakaketi mameneja walioteuliwa na kamishna wa elimu, ambaye naye huteuliwa na gavana, na Mike Miles akawekwa kuwa msimamizi mkuu. Sheria iliyotumika, ya mwaka 2015, inaruhusu wilaya nzima ichukuliwe shule yake moja ikishindwa miaka mitano mfululizo, na iliyotajwa ilikuwa Wheatley, sekondari ya mtaa wa kihistoria wa watu weusi wa Fifth Ward. Wheatley ilikuwa imekwishapanda hadi daraja C, katika ngazi za A hadi F, mwaka 2022. Katika shule kadhaa maktaba zilifungwa na kugeuzwa vyumba vya kupeleka wanafunzi waliotolewa darasani. Haki itendeke kwa Miles pia: matokeo ya mitihani yamepanda, na katika madaraja ya 2025 hakuna shule ya wilaya hiyo iliyopata F. Siwezi kuyapuuza hayo, maana mtoto anayejua kusoma leo hasubiri uchaguzi wa kesho. Lakini Novemba 2024 wapigakura wa Houston walipoombwa kuidhinisha mkopo wa dola bilioni 4.4 wa kukarabati majengo ya shule zao, waliukataa kwa kishindo. Wengi walieleza wazi kwamba hawana imani na uongozi ambao hawakuuchagua. Hiyo ndiyo sauti pekee waliyokuwa wamebakiwa nayo, na iliwalazimu kuitumia kuwanyima watoto wao mabomba na viyoyozi.

Ukiziweka habari hizi mbili pamoja, akaunti za wazazi na Houston, hutaona mgongano. Mkono ni mmoja. Jimbo linamwambia mzazi, kama huridhiki ondoka, tutakusaidia nauli. Na linamwambia mwananchi, kama huridhiki nyamaza, tumeshamteua wa kuamua. Uwezo wa kuondoka umeongezwa, uwezo wa kubaki na kubadilisha umepunguzwa. Watetezi wa shule mbadala hujibu kwamba kuondoka ndiko kunakowajibisha: shule ikipoteza wanafunzi itajirekebisha, kwa hiyo mzazi mwenye akaunti ana nguvu kuliko mpigakura mwenye karatasi. Naiona hii kuwa hoja dhaifu kuliko zote upande wao, ingawa ndiyo inayosikika kila siku. Chukua shule ya watoto 400, wakaondoka 20. Hawaondoki darasa moja. Wanaondoka mmoja hapa, wawili pale, kila darasa. Mwalimu ni yuleyule, basi ni lilelile, paa linavuja palepale, lakini fedha za watoto 20 zimekwenda. Shule haipati habari yoyote ya kilichowachosha walioondoka. Inajua tu kwamba ina upungufu, na cha kwanza kukatwa huwa muziki, mkutubi, au mshauri wa wanafunzi, vitu ambavyo vingemzuia mtu wa ishirini na moja asiondoke. Tena wanaoondoka mapema huwa ndio waliokuwa wakihudhuria vikao na kuandika barua. Asiyekuwepo na lake halipo, hata kama lake lilikuwa la haki.

Zaidi ya hapo, wengi wanaopokea fedha hizi hawakuondoka popote. Arizona ilipoufungua mpango wake kwa kila mtoto mwaka 2022, jimbo la kwanza kufanya hivyo, waombaji wengi wa mwanzo hawakuwa wakisoma shule za umma. Wilaya haiwezi kuwajibishwa na mteja ambaye hakuwahi kuwa wake. Na mteja naye hana uhakika anaoudhania: shule binafsi inaweza kumkataa mtoto, na mzazi wa mtoto mwenye ulemavu anapotoka shule ya umma kwa hiari yake huacha nyuma sehemu kubwa ya haki alizopewa mtoto na sheria ya mwaka 1975. Akaunti inampa fedha. Haimpi kiti anachoweza kukidai.

Je, watoto wanafaidika? Inategemea mbadala upi, na wanaojumlisha hupotosha. Utafiti uliofuatilia bahati nasibu za kuingia shule za mkataba za Boston, zile za umma zinazojiendesha kwa mkataba maalumu, ulionyesha maendeleo makubwa kwa watoto wa familia maskini. Utafiti wa aina hiyohiyo kuhusu vocha za Louisiana ulionyesha watoto wakiporomoka katika hisabati. Tofauti mojawapo ni kwamba shule ya mkataba ya Massachusetts inafungiwa mlango ikishindwa, na kuna mamlaka ya umma yenye ufunguo. New Orleans, ambako baada ya kimbunga Katrina cha 2005 karibu shule zote ziligeuzwa za mkataba, mwaka 2024 wilaya ilifungua tena shule inayoendeshwa nayo moja kwa moja. Mji uliokwenda mbali kuliko yote katika njia hii uliona bado unahitaji mwendeshaji wa umma anayeweza kuulizwa.

Mimi sitaki mzazi wa Milwaukee afungiwe ndani ya shule mbovu ili kulinda heshima ya bodi. Akaunti na shule za mkataba zinaweza kuwepo, lakini zipite mikononi mwa watu wa mahali. Wilaya zipewe haki ya kuidhinisha shule mbadala na kuzifunga. Uchaguzi wa bodi uwekwe siku moja na uchaguzi mkuu. Fedha za jimbo zizibe pengo kama la Edgewood kabla ya kufadhili karo ya aliyekuwa tayari akiilipa. Na jimbo likichukua wilaya liandike tangu siku ya kwanza ni lini litaondoka. Wananchi wenyewe wanaelewa tofauti hii vizuri kuliko wanasiasa wao. Novemba 2024 Kentucky ilimpa Trump ushindi mkubwa, na kwenye karatasi hiyohiyo ikakataa kubadili katiba ya jimbo ili fedha za umma ziende shule zisizo za umma. Pendekezo hilo lilishindwa katika kaunti zote 120. Nebraska nayo, siku hiyohiyo, ilifuta mpango wake. Ila ile sheria ya kodi ya Julai 2025 haikuacha nafasi ya kuwauliza watu wa namna hiyo: kila jimbo litaamua kujiunga au kutojiunga kupitia gavana au mamlaka nyingine ya jimbo, na hakuna bodi ya wilaya inayotakiwa kutoa kauli.

Houston, jimbo limeongeza muda wa usimamizi wake hadi Juni 2027. Mpaka wakati huo mzazi wa Fifth Ward anaweza kuomba akaunti ya kama dola 10,000 kwa mwaka na kumpeleka mtoto kwenye shule binafsi itakayokubali kumpokea. Anaweza pia kumpigia kura mjumbe wa bodi asiye na mamlaka. Hawezi kumwondoa aliyefunga maktaba.